Mlinzi-nyumba Umechanua, Usiukate

Stamena mwanangu,

Ukitoka kukamua kondoo, punguza moto wa maharage. Mkate nimeufunika. Mimi nimewahi basi la hospitali, nampelekea Vukoman supu ya kunywa akishapasuliwa.

Bustani ya mawe usiimwagilie. Mmea wa mlinzi-nyumba hushiba jua. Maji mengi huuozesha.

Asubuhi nilikukuta na mkasi juu ya lile shina lenye maua. Ukasema, "Mama, huu ukichanua nyumba hufiwa, na mume wangu anapasuliwa leo!" Nikakunyang'anya, ukalia. Ukali wangu unisamehe. Mkasi sikurudishii, ninao mkobani.

~~Moyo ukikataa kabisa, uvunje kwa mkono.~~ Hapana. Usiuguse. Kichwa kilichochanua kitanyauka, ndiyo desturi yake, lakini tazama pembeni: vitoto vyake vimejaa, vimekumbatia jiwe.

Hata mama mkwe wangu aliamini hayo ya kufiwa. Mwaka ule ukuta mzima ulipochanua, alikuja na mundu. Nikamzuia, nami nina tumbo la miezi tisa. Maua hayajanyauka, nikamzaa Vukoman.

Kula kwanza, ndipo uje hospitali.

Mama, mwenye mkasi