Kufa, Kutoweka, Kufilisika

Sydney, 6 Machi 2005

Mpendwa Bibi,

Nakubusu mkono. Natumaini goti limetulia na kuku wanataga. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haijatulia. Simu huisikii, kwa hiyo naandika. Jirani yako Mama Chensa atakusomea polepole.

Ujenzi umekwama. Mkandarasi wetu Wistin hajaonekana tangu Krismasi. Simu yake imekatwa, na lori halipo uani kwake. Kaacha kuta zimefika lenta ya madirisha, kenchi za paa upande mmoja tu, na chumba chako cha chini, kile kisicho na ngazi, kiko wazi juu. Mvua inaingia. Mbao zimeanza kuvimba.

Nimekwenda kwa watu wa bima ya nyumba, ile ambayo mkandarasi hulazimika kumkatia mteja kabla hajachimba msingi. Dada wa pale kanieleza kwamba hawalipi kwa sababu mkandarasi ni mvivu au mjeuri. Wanalipa kwa mambo matatu tu: awe amekufa, ametoweka, au amefilisika. Nikamwambia wangu ametoweka. Dai wamelipokea, ila mwisho wa mwezi ujao nile kiapo kwamba nimemtafuta na sijui aliko. Hilo nitaapa bila wasiwasi. Wakilipa, fundi mwingine atamalizia, nami nitakuja kukuchukua, usikae tena peke yako huko kwenye miwa.

Najua ni mwanao wa ubatizo. Usiniombee msamaha wake.

Mjukuu wako,
Rozanne


Mackay, 21 Machi 2005

Rozanne wangu,

Mungu akubariki. Goti ni lilelile. Kuku mmoja kamezwa na chatu, waliobaki wanataga. Na wewe unakula? Picha uliyoleta mara ya mwisho shingo imekuwa kama ya bata.

Chensa kahamia kwa binti yake. Nyumba yao imefungwa, upande ule siku hizi sioni hata taa. Mimi shule niliiona kwa nje, nikipitisha mbuzi, unajua. Kwa hiyo aliyenisomea barua yako, na anayeandika hii, ni Wistin.

Usiitupe. Ngoja nimalize.

Alikuja Februari na lori na begi moja. Analala kwenye banda la trekta. Nimemtukana kwa Kimalta, yakaniishia, nikaendelea kwa Kiingereza. Halafu nikampa supu ya maharage na jibini, maana nilimshika kichwa wakimmwagia maji ya ubatizo, na siku ile niliahidi mambo kanisani. Anasema alijengea watu hawakumlipa, akaziba tundu moja kwa kutoboa jingine, na tundu la mwisho likawa nyumba yako. Anasema atarudi kuimalizia kwa mikono yake, apate kwanza vibarua vya miwa. Mngoje mpaka miwa ikatwe. Nakuomba mimi.

Na hili nalo aandike, apende asipende: tangu babu yako afe, ndiye mtu wa kwanza kukaa upande ule wa meza.

Vaa soksi.

Bibi yako,
Vitorja


Sydney, 4 Aprili 2005

Bibi,

Nakubusu mkono. Sijambo.

Kwa nini umeniambia? Ungenyamaza mpaka niape, basi. Sasa najua aliko. Wewe ndiye uliyenilea baada ya Mama, ukanichapa mwiko kwa kuapa kwamba sikula biskuti nilizokula. Siwezi kuapa. Nimewaambia bima ukweli, wakanijibu kwamba mwenye anwani hajatoweka. Basi afe au afilisike. Mimi kumpeleka kortini atangazwe amefilisika nahitaji wakili, na pesa ya wakili sina. Yeye kujitangaza amefilisika ni fomu na saini yake. Nilimsihi tangu Novemba, alipoanza kuchelewa na kukiri madeni yamemshinda. Alikataa, kwa kuwa jina la baba yake litatoka gazetini.

Kama anakusomea kwa sauti, na asome hili: Wistin, wewe ni mwizi. Umeiba chumba cha mwanamke anayekulisha.

Usinijibu kwa mwandiko huo. Sitaifungua.

Rozanne


Mackay, 2 Mei 2005

Rozanne wangu,

Mungu akubariki hata ukinuna. Huko baridi imeanza. Lile blanketi la babu yako unalifunika au umelifanya pazia?

Mwandiko ni uleule, sina mwingine.

Nilimwambia asome yote, asiruke. Alipofika kwenye mwizi akasita. Nikamwambia soma. Akasoma. Akasoma na lile la chumba. Mwisho akasema, "Rozanne." Nikamuuliza, kabla ya Rozanne kaandika nini? Akasema hakuna kitu. Basi nikajua hukuandika mjukuu wako. Akaikunja barua, akaenda kuwafungia kuku na jua bado liko juu.

Lile la kungoja miwa halikuwa lake, lilikuwa langu. Nilitaka sahani ya pili mezani.

Kesho yake nikamkalisha.

"Wistin, umekufa?"

"Hapana, Mama."

"Umetoweka?"

"Si niko hapa."

"Basi limebaki moja."

Akaanza na jina la baba yake. Nikamwambia baba yake nilimjua kabla yeye hajamjua. Kule kisiwani kwetu Gozo, Malta, aliuza mbuzi mmoja kwa watu wawili, na bado kanisa lilijaa siku ya maziko yake. Kacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Halafu kalia. Hilo hataki kuliandika, nimemwambia aandike.

Fomu kaagiza. Anaogopa, lakini kaagiza. Jioni ananifundisha herufi, kwa sababu akishasaini hatakaa hapa, na mimi nitabaki na maneno yangu kinywani. A naiweza. R yako inanisumbua, mguu wake unateleza.

Nijibu, hata kwa matusi. Atayasoma.

Bibi yako,
Vitorja


Mackay, 19 Julai 2005

Rozanne

Mungu akubariki. Unakula?

Barua ya Mei imerudi. Hukuifungua. Naitia humu. Hii bahasha ni mkono wangu, ndiyo maana umeifungua.

Wistin katia saini. Jina limetoka gazetini. Kalikata, nimelibandika jikoni, halijaniuma. Karatasi ya mfilisi, ya kuonyesha kwamba amefilisika, imo humu. Wape bima. Sasa watakulipa.

Lori limechukuliwa. Yeye kaenda na basi kutafuta kazi migodini. Alitaka kukuandikia, nikamwambia asikusumbue. Kaacha banda kalifagia.

Miwa imekatwa yote. Naona mpaka barabarani. Hapiti mtu.

Sikuulizi chumba kitakwisha lini. Mkono unauma, nafupisha.

Mimi sijafa. Sijatoweka. Sijafilisika, kuku ninao.

Nipo. Njoo.

Bibi yako
Vitorja