Programu ya Kijani na Ng'ombe Wako Kumi na Wanne

Bulla Pesa,
Isiolo.
14 Novemba 1987

Kwa kaka yangu mkubwa, Dida Bule,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Abiba na watoto wote, na kwamba mvua tuliyosikia imenyesha huko Merti haikuwa maneno ya wasafiri tu. Sisi hapa hatujambo. Sadia anakusalimu sana. Mtoto wetu wa mwisho ameota meno mawili na anamuuma kila mtu, hata mimi baba yake.

Kaka, pole tena kwa ng'ombe. Kumi na wanne si mchezo. Barua yako niliipata Jumatatu na nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyopenda. Umeniuliza jambo moja tu: ni nani hasa katika ofisi yetu aliyekosa, hata wachanjaji wakafika kwa Gababo pale Ngaremara, wakachanja ng'ombe wake wanane na kuwaacha wako waliolala nao zizi moja, mpaka homa ya mapafu ikaja kuwamaliza. Unataka jina ulipeleke kwa wazee. Nitakujibu, ila univumilie, maana nikiruka hatua moja hutaelewa.

Unajua nimekaa na kadi za mifugo miaka kumi na mmoja. Mtu akiingia, kabla hajamaliza salamu mkono wangu umeshafika kwenye droo yake. Bwana Jasper Marete, mkubwa wetu, alizoea kuwaambia wageni kwamba Arero ndiye kumbukumbu ya ofisi. Nilijifanya sisikii, lakini nilisikia vizuri sana.

Mwaka jana wafadhili wa mradi wakaleta kompyuta, na pamoja nayo akaja Karimi, binti wa mzee Mbae wa Meru. Ana miaka ishirini na minne, ametoka kusomea mashine hizo Nairobi. Nisikufiche, kaka, nilimchukia kabla hajakalia kiti. Alipewa chumba chenye feni, eti mashine haipendi joto. Mimi nimejipepea kwa faili miaka yote hiyo na hakuna aliyeuliza kama napenda joto. Wafugaji waliokuwa wakinisalimu mimi kwanza sasa walinipita kwenda kuchungulia skrini yake. Chai yake ilipelekwa kwa kikombe chenye sahani. Sadia alinicheka, akasema namtaja Karimi kuliko ninavyowataja wanangu, na kwamba angekuwa mke mwenye wivu angeshafunga virago arudi kwao Chechelesi. Hakujua kwamba mwenye wivu nyumbani mle nilikuwa mimi.

Sasa, kompyuta bila programu ni sanduku tu. Wakaja mawakala wawili kutoka Nairobi, kila mmoja na programu yake ya kutunza kumbukumbu. Kitabu cha moja kilikuwa na jalada la kijani, cha nyingine la kahawia, basi sisi tukaziita Kijani na Kahawia. Kila wakala aliisifu yake na kuiponda ya mwenzake. Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Bwana Marete akasema hanunui ng'ombe wa maziwa kwa kusikia sifa zake, lazima kwanza akamuliwe. Akaamua watu wawili wa ofisi wazipime programu zote mbili kwa kadi zile zile mia mbili, kila mtu peke yake, bila kushauriana wala kuonyeshana, kisha kila mmoja aandike ripoti ya mazuri na mabaya aliyoyaona kwa macho yake. Karimi alichaguliwa kwa kuwa anaijua mashine, mimi kwa kuwa nazijua kadi. Yule ambaye ripoti yake ingefuatwa ndiye angepelekwa Nairobi kwa mafunzo, na akirudi awe msimamizi wa kumbukumbu zote.

Nilianza mimi. Karimi alinifundisha kuwasha mashine na kuingiza diski, na hakunicheka hata nilipoitafuta herufi B dakika nzima. Upole wake uliniudhi zaidi kuliko kicheko. Nilipomaliza nilimkabidhi sanduku la kadi, naye akafanya zamu yake.

Mimi niliandika kwamba Kijani ndiyo nzuri, ni nyepesi na ya haraka, hata mzee anaiweza. Karimi aliandika kwamba Kahawia ni nzito na inachosha, lakini ndiyo ya kununua, kwa sababu inaweka orodha ya wenye ng'ombe mbali na orodha ya maboma, kisha inaziunganisha. Aliongeza kwa ukweli wake kwamba katika kadi alizopewa hakuona hata moja iliyohitaji jambo hilo. Bwana Marete akauliza, sasa tulipie mlango ambao hakuna anayepita? Akafuata ripoti yangu. Nilikwenda Nairobi, nikarudi na cheti, na Karimi akawekwa chini yangu kuingiza kadi na kuchapa orodha.

Orodha ya chanjo ya Ngaremara aliichapa yeye kutoka Kijani, mimi nikiwa bado Nairobi, na ikatoka bila ng'ombe wako. Habari ilipofika kwamba wamekufa, kila mtu aliangalia mikono ya aliyechapa. Siku ile ulipokuja ofisini na fimbo yako, kaka, ukamkuta Karimi kwenye mashine, hata jina lake hulijui. Ukamwambia mbele ya watu wote kwamba kama alivyofuta zizi lako, na zizi lake lisione ndama, na tumbo lake lisione mtoto. Ofisi nzima ilinyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kalamu sikioni, na nilinyamaza kuwashinda wote. Wiki iliyofuata Karimi akapewa barua ya kuondoka mwisho wa mwezi.

Jina unalolitaka ni langu.

Kijani ilinifunulia ukweli wake katika wiki ya pili tu, na ni kadi yako iliyonionyesha. Wewe unajua sisi ng'ombe wetu hawakai pamoja. Mwenye wengi humpa ndugu mwenye wachache akakamue, ndiyo dabare yetu, na ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Miaka yote nimeyaandika hayo nyuma ya kadi kwa penseli. Kijani haikuwa na nyuma. Kwake boma moja lina mtu mmoja. Nilipoiuliza boma la Gababo ikanipa wanane, na wako ikawapeleka Merti ambako hawapo. Kahawia ikawatoa wote ishirini na wawili, kila mmoja na mwenyewe. Nilifurahi kama mtoto. Nikasema moyoni kwamba jambo hili litakuwa langu peke yangu, msomi wa Nairobi hatalipata. Nikazitoa kadi za dabare zote, thelathini na moja, nikaweka nyingine mahali pake, ndipo nikamkabidhi sanduku.

Ningeishia hapo na kuandika nilichokiona, leo ng'ombe wako wangekuwa hai. Lakini siku moja Karimi alipokwenda kula chakula cha mchana nilifungua droo yake, nikasoma ripoti yake. Hata bila zile kadi, alikuwa ameichagua Kahawia. Nikaona kwamba nikisema nilichokijua nitakuwa nimemtolea ushahidi, asifiwe yeye. Basi nikachagua Kijani nikijua, kaka. Nilijua ni nani watakaokosekana. Nilijiambia kwamba siku ya chanjo nitasahihisha orodha kwa mkono, na siku hiyo ilipofika nilikuwa Nairobi nikipokea cheti.

Jana asubuhi niliziweka kadi zile mezani kwa Bwana Marete, nikamweleza yote. Alizigeuza moja moja, akasoma nyuma, kisha akaniambia niende nyumbani nisubiri barua. Karimi atabaki. Nilipita chumbani kwake kumwomba radhi. Hakunitukana. Aliuliza tu kama yule mzee wa siku ile ni ndugu yangu wa tumbo moja. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nilikuwepo alipokuwa akisema yale maneno. Nikasema ndiyo. Akageuka akaendelea na kazi, lakini mkono wake ulikuwa tumboni, na hapo nikaelewa kwamba ni mjamzito.

Kaka, mimi nipeleke kwa wazee, nilipe watakachosema. Ila usisubiri kikao hicho. Panda gari la kwanza linalotoka Merti, uje umtemee yule binti mate ya baraka mbele ya wale wale waliosikia. Maneno yale hakuna mwingine anayeweza kuyaondoa.

Msalimie shemeji Abiba na majirani wote, na mwambie Gababo, ukimwona kabla yangu, kwamba hakukosa lolote. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Arero Bule