Leseni Haiazimwi, Baba

12 Februari

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zetu. Sisi tu wazima. Goti langu limepata nafuu, na mama yako anakohoa kidogo asubuhi, lakini kelele zake kwangu hazijapungua, kwa hiyo najua hana ugonjwa wa kutisha. Wewe je, unakula? Unalala?

Barua hii nimempa dereva wa lori la saruji kwa sababu jambo lenyewe si la kusemea kwenye simu. Kuna kazi. Shule ya wasichana inajenga bweni la ghorofa, na kamati yao imenifuata mpaka hapa kibarazani. Wanataka mkono wangu, hawataki mwingine. Ila sheria mpya imewabana: anayepewa kazi lazima awe na leseni ya ukandarasi. Mimi, Mzee Timazi, niliyejenga nusu ya mtaa huu, karatasi hiyo sina. Wewe unayo.

Niazime namba yako, mama. Itakaa kwenye bango na kwenye mkataba, basi. Sahihi utaweka huko huko uliko, huna haja ya kuacha shughuli zako. Kuta nitazisimamisha mimi. Ni kama kuazima ngazi kwa jirani, ukimaliza unarudisha.

Kamati wanataka jibu mapema.

Baba yako


20 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na Mama na kikohozi chake. Mimi ni mzima, vumbi tu ndilo limenikaa kichwani. Barua yako niliisoma nimeketi juu ya rundo la matofali, nikaikunja, nikaifungua tena nikaisoma upya nikitafuta mahali pa kusema ndiyo. Sikupaona.

Jibu langu ni hapana, Baba. Nisamehe kwa kulisema hivyo bila kuzunguka.

Leseni haiazimwi. Mwenye namba ndiye anayetakiwa kuwa pale kazini, akague nondo kabla zege halijamwagwa, asimame mbele ya mkaguzi akiulizwa. Mimi nikiwa huku na namba yangu iko huko, tayari ni kosa, hata kama ukuta umenyooka kama ulivyozoea kuunyoosha. Tena leseni yangu ni ya majengo ya chini. Ghorofa siruhusiwi hata mimi mwenyewe.

Nilikuwa na mwenzangu kazini, tulimwita Kofia. Alimpa shemeji yake namba. Shemeji hakuwa fundi mbaya, ila baraza la juu lilipata ufa, na mkaguzi alipokuja kumuulizia Kofia akaambiwa hajawahi kukanyaga pale. Bodi ya makandarasi ikamfutia leseni. Leo yuko nyuma ya kaunta ya duka la rangi, na ukimpita anajifanya anapanga makopo.

Njia ipo, Baba. Bodi inawapokea mafundi wakongwe. Unaonyesha majengo uliyojenga, unafanya mtihani, unapewa leseni yako mwenyewe. Nani ana majengo mengi ya kuonyesha kuliko wewe?

Najua nimekukatalia mzazi wangu, na nimelisema hili kwa heshima zote nilizo nazo.

Binti yako


3 Mei

Shikamoo Baba,

Hali zenu? Mimi sijambo.

Sijapata jibu lako. Mama ameniambia kazi ya bweni amepewa mtu mwingine, na kwamba nikipiga simu wewe unageuza kiti ukaelekea ukutani. Ameniambia pia ulisema una binti mmoja tu na huyo mmoja amekuwa askari. Nililia kidogo, halafu nikacheka, maana niliisikia sauti yako kabisa.

Kwa dereva yuleyule nimekutumia kitabu cha kanuni za ukandarasi. Usipokitaka, mpe Mama aegemezee mlango. Lakini nisikilize kwa hili moja: sikukukatalia kwa sababu siuamini mkono wako. Kila ninapoweka pima maji juu ya tofali huwa ni wewe ninayekuona ukiniangalia.

Binti yako, askari


28 Julai

Mwanangu,

Habari za siku nyingi. Nyumbani hatujambo.

Nimefanya mtihani. Nimeanguka.

Sikutaka mtu ajue. Mama yako nilimwambia naenda kutazama mbao. Nilipoingia kwenye ule ukumbi nimevaa koti, vijana wote wakasimama, wakidhani mimi ndiye msimamizi wa mtihani. Nikawaambia wakae, wakakaa. Nikavuta kiti nikakaa nami, na hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Viti vyenyewe vina kibao cha kuandikia mbele, tumbo langu na kibao vikagombania nafasi mpaka mwisho.

Karatasi ya ujenzi nilifaulu. Kitabu chako kilinisaidia, maana kuna vipimo vya zege nilikuwa navifanya kwa mazoea bila kujua sababu yake. Iliyoniangusha ni karatasi ya sheria. Waliuliza mambo ya daraja la leseni, vibali, mafundi wa kupewa sehemu ya kazi. Nilijibu kama ninavyofanya kazi. Kumbe ninavyofanya kazi ndivyo wanavyokataza.

Nifundishe. Usiniandikie kama wanavyoandika wao kwenye kitabu. Niandikie kama unanieleza tukiwa juu ya jukwaa.

Baba yako


6 Agosti

Shikamoo Baba wangu,

Sijui nianze na salamu au nianze na furaha. Mko wazima? Mimi tangu jana natembea huku natabasamu peke yangu, mafundi wangu wanadhani nimepata mchumba.

Haya, tuko juu ya jukwaa. Ile nyumba ya mwalimu mkuu, unaikumbuka? Ulijenga, ukapaua, halafu kwa kuwa fundi umeme alichelewa ukavuta nyaya mwenyewe. Kwa sheria, hapo ulitoka nje ya uwanja wako. Leseni ya kujenga ni ya kujenga. Umeme una mwenye leseni yake, na kabla hujamruhusu apande ngazi, mwombe akuonyeshe, usome na tarehe. Ikiwa imeisha, hana leseni. Na yako vilevile. Ukisahau kuihuisha halafu ukaendelea na kazi, unahesabika kama mtu ambaye hajawahi kuwa nayo. Mimi tarehe yangu nimeiandika ndani ya mlango wa kabati, kila nikichukua kikombe naiona.

Ukiambiwa leseni yako inaishia jengo la chini, mteja akaja kukubembeleza uongeze ghorofa, mwambie atafute mwenye daraja hilo. Usikubali ukitegemea kwamba hakuna atakayeangalia. Namba yako iandike kila unapojitangaza, kwenye bango, kwenye gari, hata kwenye kikaratasi cha kubandika dukani. Na ile tabia yenu wakongwe ya kuchimba msingi huku kibali bado kiko ofisini, iache kabisa. Hicho ndicho kinachowaangusha wengi, kwa sababu kila mtu ana haraka na kila mtu anasema kibali kinakuja tu.

Kuna na lingine dogo. Mkigombana na mteja usiache kazi katikati ukaondoka na vifaa vyako, kama ulivyomfanyia yule mwenye bucha. Mwandikie kwanza. Bodi inauliza sana habari hiyo.

Niulize chochote. Niulize hata mara mbili.

Binti yako


15 Novemba

Mwanangu, roho yangu,

Mama yako anakusalimu, lakini sauti haijamrudia tangu siku ya majibu, aliimaliza kwa vigelegele.

Nimefaulu. Karatasi ya sheria nimeipasua katikati. Safari hii nilikaa kiti cha nyuma, kile kisicho na kibao, nikaandikia pajani. Leseni nimeitundika sebuleni juu ya picha ya harusi yetu. Mama yako kanuna siku nzima, halafu nikamkuta anaifuta vumbi.

Nilichelewa kukuandikia nikingoja kazi ya kwanza iishe, duka la mtu wa vipuri. Tukiwa tunapiga lipu akanivuta pembeni, akasema nimvutie na umeme kwa kuwa anajua ninaweza. Nikamwambia kuweza naweza, kuruhusiwa siruhusiwi. Akanitazama kama amekutana na mtu asiyemjua. Nikamleta fundi umeme, kijana mmoja mpole, nikamwomba leseni akaona nimemdharau, nikamtolea yangu kwanza. Akacheka. Sasa huyo ndiye rafiki yangu.

Halafu mtu wa vipuri akaota ghorofa. Nikamwambia leseni yangu ni ya jengo la chini, ndoto hiyo aipeleke kwa wenye nayo. Alikasirika, lakini baadaye ndiye aliyeniletea wateja wengine wawili. Amewaambia kuna mzee mmoja, ukimwomba jambo la kupindisha anakutajia kifungu.

Mkandarasi, baba yako


10 Februari

Shikamoo Baba Mkandarasi,

Mko salama huko? Mimi ni mzima, ila usingizi nausikia kwa majirani.

Nimeshinda zabuni, Baba, tena huko nyumbani. Wodi ya kina mama ya hospitali, jengo la chini, refu, lenye mabaraza pande zote. Ni kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Msingi na kuta nataka ufanye wewe, kwa mkataba wako mwenyewe chini yangu, kila kitu kwa maandishi. Karatasi anakuletea dereva, na bango pia.

Nitakuja huko mwisho wa mwezi nikishakabidhi kazi ya huku. Lakini mwenyekiti wa ujenzi wa hospitali hanipi pumzi. Anataka aone watu wanachimba wiki hii, la sivyo atamwita mshindani aliyekuwa wa pili kwenye zabuni. Kibali kimeshapita kwa wakubwa wote, kimebaki muhuri tu. Naomba uanze kuchimba upande wa kaskazini, polepole. Muhuri utatukuta tukiendelea.

Usiniangushe, Baba.

Binti yako


13 Februari

Mwanangu,

Hatujambo. Mkataba nimeusoma na nimeutia sahihi.

Kuchimba sijachimba.

Watu wangu walifika alfajiri na majembe, nikawapa chai nikawarudisha kwao. Mwenyekiti akaja na gari lake, akashuka huku anapaza sauti, akasema binti yangu ameshamkubalia. Nikamwambia, "Binti yangu amechoka. Akishalala vizuri atakubaliana na mimi." Akatishia kutafuta wengine. Nikamjibu atafute, ila akimpata atakayechimba bila kibali ajue amepata mtu wa namna gani wa kumjengea wodi ya wazazi. Akaondoka bila kuaga.

Sasa nisikilize. Nilipokuwa nakuomba namba yako, mimi nami nilikuwa na kamati shingoni. Kila mtu anayevunja kanuni hizi ana mtu shingoni, hakuna anayezivunja kwa starehe. Ulinikatalia mimi niliyekuzaa. Huyu mwenyekiti ni nani kwako?

Mpigie umwambie hapana. Ukiipoteza kazi, rudi nyumbani tupige lipu pamoja, sioni aibu yoyote hapo.

Na bango ulilonituma halina namba yako ya leseni. Fundi wako wa maandishi amesahau. Nimeliweka ndani, uso ukielekea ukutani, mpaka liandikwe.

Baba yako


2 Machi

Shikamoo Baba,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za ofisi ya vibali mkoani, kabla sijafika huko nyumbani.

Nilimpigia mwenyekiti usiku uleule nilipopata barua yako. Nilimwambia hapana, na kwamba wewe uliyesimamisha kazi hukumkaidi mtu, ulitimiza mkataba. Akakata simu. Nikajua nimeipoteza, nikaanza kuwatafutia watu wangu kazi nyingine. Lakini mwenyekiti hakumpata wa kumchimbia. Hata yule mshindani wa zabuni alitaka kibali kwanza.

Leo kibali kimetoka, Baba, lakini kimetoka na mabadiliko. Mkaguzi ameisogeza wodi yote kuelekea kusini. Kaskazini, chini ya ardhi, linapita bomba kuu la maji taka la wodi za zamani. Halimo kwenye ramani tuliyopewa, limeonekana kwenye michoro ya kale waliyoichimbua huko ofisini. Pale pale nilipokuambia uanze. Jembe lingelipasua, na uchafu wote ungerudi ndani kwenye vitanda vya wagonjwa, na nje limesimama bango lenye namba yangu ya leseni.

Mwenyekiti nilimkuta hapa hapa ofisini. Alisoma mchoro mara kadhaa. Kisha akavua miwani akasema, "Mwambie mzee wako kazi ni yenu." 

Waite watu, Baba. Chimbeni. Kusini.

Binti yako


9 Desemba

Mwanangu,

Umeondoka juzi tu na nyumba imeshakuwa kubwa. Tu wazima. Mama yako amebaki na khanga uliyoisahau, anasema haitarudishwa.

Nimepita wodini leo asubuhi, si kwa kazi, kwa kutazama tu. Dirisha moja lilikuwa wazi. Mtoto wa kwanza amezaliwa humo, wa kike, ana sauti ya msimamizi wa zege. Muuguzi akaniuliza mimi ni babu wa mtoto yupi. Nikamwambia mimi ni wa jengo.

Siku ile ya ufunguzi, walipotuita tusimame mimi na wewe, nilikuona umeinamisha kichwa, nikajua unaikumbuka ile kaskazini. Usiiname tena. Mkaguzi alikuja akaja akaja, na kila alipokuja tulimwekea kiti, tukamfungulia faili, akaondoka hana la kuandika. Kuna watu wazito wa kazi hii hawajawahi kusikia utamu huo. Mwenyekiti sasa ndiye anayetutangaza kila anapokwenda, ukimsikia utadhani kuchelewa kulikuwa wazo lake.

Nimesikia Bodi imekupandisha daraja, ghorofa sasa ruksa. Nimefurahi mpaka nimewatangazia watu wasiohusika. Lakini usijione. Nami nimepeleka maombi ya kupanda daraja, na wamenijibu kwamba majengo yangu yanatosha, umebaki mtihani. Mama yako amenishonea mto wa kuweka chini ya goti.

Kwa hiyo jioni usinipigie simu, mama. Ninasoma.

Baba yako