Sitasaini Kwamba Jastin Amekosa

Kihonda, Morogoro
11 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Winfrida,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliupata Jumamosi, nikausikiliza mara mbili. Natumaini mafua yamekuachia, na kwamba shemeji Innocent amerudi salama kutoka safari ya kazi. Sisi hatujambo. Mama yuko Mlali. Goti linamsumbua asubuhi, lakini mchana anafika shambani mwenyewe na hataki kushikwa mkono. Vuli ilikata mapema, nyanya zimeponea maji ya mfereji.

Nije kwenye fomu, maana ndiyo inayokunyima raha.

Klabu ya Jastin iliniletea kwa barua pepe wiki iliyopita, nikadhani wamekosea mtu. Kumbe miaka mitatu iliyopita, ulipomwandikisha mwanao kucheza hoki ya barafuni huko Kanada, palipoulizwa mlezi uliandika jina langu. Hukuandika lako wala la mumeo. Kosa hilo ni la Mluguru hasa: kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Wenzetu wakaliingiza kama lilivyo. Sasa Jastin ana miaka kumi na saba, na bila saini yangu hachezi.

Fomu inasema alikaidi maelekezo ya kocha, anakiri utovu wa nidhamu, na ataomba radhi mbele ya timu. Wewe umeniambia, "Kaka, saini tu, karatasi haiumi." Winfrida, nimeandika habari kwa miaka thelathini na moja. Nimeona karatasi ikimng'ata mtu miaka kumi baada ya kuisaini.

Kwa hiyo nilisoma kanuni za ligi ulizonitumia, kisha Jumapili, nikiwa Mlali, nikampigia Jastin. Kanuni ziko wazi. Mchezaji akipigana anatolewa nje dakika tano. Akishapigana mara tatu katika msimu, ugomvi wa nne unamfungia mechi mbili, na kila unaofuata mbili nyingine. Jastin amepigana mara tatu. Tarehe zote ninazo. Mara zote kocha ndiye aliyemtuma. Safari ya nne aliagizwa amchokoze mfungaji bora wa wapinzani ili watolewe wote wawili. Kocha alishapiga hesabu yake: Jastin akifungiwa mechi mbili, timu haipungukiwi kitu.

Jastin akakataa. Hakuna kingine kilichotokea.

"Yule jamaa hajanifanya kitu, mjomba," aliniambia. "Nikampige kwa lipi?"

Nilimuuliza kama anaogopa. Akacheka. "Namzidi kilo tisa. Ningemlaza."

Mama alikuwa anasikiliza, akaninyang'anya simu. "Mume wangu, wamekuvisha viatu vya visu, wamekupa na gongo, bado wanataka ngumi? Mlete huyo kocha nipigane naye mimi."

"Ni mrefu, Bibi."

"Goti langu bovu ni moja tu!"

Najua unachokiogopa, wala sikudharau. Mwezi ujao watu wa vyuo watakuja kutazama wachezaji, na asiyecheza hawatamwona. Nafasi ya kusomeshwa inaweza kupotea. Siwezi kukuahidi kwamba haitapotea, maana sijui.

Ninachojua ni hiki. Kanuni hizohizo zinasema kocha anayemtuma mchezaji kupigana anafungiwa yeye. Nimeisoma fomu ya klabu mstari kwa mstari, na neno kupigana halimo hata mara moja. Wanataka kijana akiri kwanza, ili siku ligi ikiuliza, mwenye kosa awe ameshapatikana. Nimeripoti mechi za mchangani ambako mwamuzi alikimbizwa mpaka mtoni, lakini hata huko sikuona mchezaji akidaiwa radhi kwa kutokupiga mtu.

Kabla sijakata simu nilimuuliza Jastin anataka nifanye nini, maana anayekaa nje ni yeye. "Usisaini, mjomba. Hata nikikaa hivi mpaka msimu uishe."

Basi maneno yao nimeyakata kwa mstari. Juu yake nimeandika kwa mkono, kwa Kiingereza, kwamba mpwa wangu alipigana mara tatu kwa kutumwa na kocha, alipoagizwa apigane tena alikataa, na hana wa kumwomba radhi. Hapo ndipo nilipotia saini. Nakala moja nimeipeleka klabu, nyingine ligi, pamoja na zile tarehe tatu. Zimeondoka leo saa nne asubuhi, kwa hiyo usiniombe nizizuie. Wakikasirika, wanipigie mimi. Nawe wakikuuliza, waambie mlezi ameshasema.

Wifi yako Judith anakusalimu sana, na Mama anataka umpigie siku ambayo hutalia. Msalimie shemeji. Mungu awape afya, na hiyo baridi yenu aipunguze.

Mwambie Jastin aende mazoezini kila siku, afike kabla ya wenzake wote, na amsalimie kocha kwa heshima. Wasipate kosa la kweli la kuandika.

Nikupendaye siku zote,
kaka yako Eustace