Mama Mkwe na Kipaza Sauti

Jumatano, 18 Februari
Zamu, theluji, uji, kitanda. Binti yetu Neema amerudia shairi lake la Kibengali mpaka nami nimelishika. Jumamosi ni siku ya kuwakumbuka waliouawa kule Bangladesh wakidai Kibengali. Mume wangu Ripon anamfundisha kila ubeti. Mama yake Ripon, aliyetufikia hapa Oakdale, Marekani, mwezi uliopita, hutoka sebuleni wakianza. Nadhani ni baridi.

Alhamisi, 19 Februari
Si baridi. Mama mkwe alimwomba Ripon amfundishe mtoto na wimbo wa kwao. Ripon akamfokea. Mama yake mzazi! Nilipombana Ripon jikoni ndipo akasema: wao ni Wachakma, watu wa milimani huko huko Bangladesh, na lugha yao ni nyingine kabisa.

Miaka yote ya ndoa aliniambia lugha ya mama yake ni Kibengali. Nimejifunza hicho Kibengali kwa jasho. Nimeshtuka, na nina hasira.

"Shuleni walinicheka," alisema. "Neema hatachekwa."

Mwacha mila ni mtumwa, nikamwambia. Akaenda kulala.

Jumamosi, 21 Februari


Ukumbi wa Cedar-Riverside ulijaa. Neema alisoma vizuri, makofi. Mwenyekiti akamwita na bibi aseme neno. Mama mkwe akashika kipaza sauti, akaimba Kichakma. Mzee mmoja akamwambia kwa adabu kwamba leo ni siku ya Kibengali.

Akamjibu kwa Kibengali, taratibu: "Walikufa kwa ajili ya lugha ya mama. Na mimi nilikuwa na mama."

Akaendelea kuimba. Sauti ikakatika. Nikageukia mitambo ya sauti. Aliyezima ni Ripon. Mwanawe wa kumzaa.

Aliimba hadi mwisho hivyo hivyo, wakamsikia wa safu ya mbele tu.

Kwenye gari nilitaka kumtukana Ripon. Nikakumbuka kwetu Bukoba, kibao tulichovishwa shingoni kwa kuongea Kihaya shuleni. Nikafunga mkanda. Neema akauliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini baba amemzima bibi. Ripon akawasha gari.

Jumapili, 22 Februari
Theluji tena. Sikwenda kanisani.

Ripon alimpelekea mama yake chai. Akapiga magoti, akaanza kusema kwa Kichakma, maneno ambayo sijui hata moja. Alikwamakwama, akarudia, akakwama tena. Mama mkwe alimsikiliza mpaka akamaliza. Akapokea kikombe, akamjibu kwa Kibengali.