Namba za Kila Jumamosi

Malvern, Toronto
11 Januari 2025

Baba, shikamoo.

Kwa kuwa kwenye simu husikii na unasema natafuna maneno, naandika kwa barua pepe. Huku mimi ni mzima, baridi tu ndiyo imetukalia. Kaka ameniambia kwamba tangu tumalize arobaini ya Mama hutoki chumbani, na sahani inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Sikugombezi. Nauliza tu umelalaje na umekula nini.

Nina swali la kazi yako. Hapa chini ya nyumba ya Bi Razia, mwenye nyumba wangu, yule mzaliwa wa Tanga, nimeanza kuotesha mchicha ndani. Udongo hakuna. Mizizi inaning'inia kwenye maji yenye mbolea, na taa inawaka juu yake. Kilichonishinda ni maji. Kuna ya bomba. Kuna maji ya betri, huku wanayauza dukani kwa madumu. Kuna filta ya kufunga chini ya sinki, ambayo hutoa maji matupu kabisa, yasiyo na madini yoyote. Na kuna mashine ya kukausha unyevu wa hewani, kila siku inajaza ndoo moja bure. Wewe umepima maji ya Morogoro miaka thelathini na moja. Nichague yapi?

Binti yako,
Dorotea


Morogoro
14 Januari 2025

Mwanangu Dorotea, marahaba.

Nimelala. Nimekula ndizi. Tuyaache hayo.

Maji ya mashine ya unyevu mwaga. Yamepita kwenye shaba na vumbi, hayo ni jasho la chuma. Maji ya betri ni ya betri. Na filta ni ya watu wasio na baba wa kumuuliza. Hao wauzaji watakuuzia hata kivuli chako, mwanangu! Chukua ya bomba. Adui humo ni mmoja tu, klorini, huunguza mizizi. Yaweke kwenye ndoo pana bila kifuniko saa ishirini na nne, klorini itaruka yenyewe. Bustani ya maabara yetu tuliimwagilia hivyo tangu 1986, na mkuu wa mkoa mmoja alikula mchicha wake akaomba wa kufungiwa.

Nunua karatasi za kupimia. Pima klorini ya ndoo asubuhi, jioni, na kesho yake asubuhi. Nitumie namba kila Jumamosi. Nimeshamtuma kaka yako daftari, la kurasa mia mbili, si yale ya watoto.

Baba yako


Toronto
8 Februari 2025
(Haikutumwa)

Baba, shikamoo.

Nimefuata kila neno lako. Klorini asubuhi 1.6, jioni 1.5, kesho yake 1.5. Nikaiacha ndoo siku tatu: 1.4. Mizizi imekuwa ya kahawia, inateleza, na miche yote ishirini na minne imelala. Nikaulizia. Kumbe jiji hili huchanganya klorini na amonia, na zikishashikana haziruki kwa kuachwa wazi. Kanuni yako huku haifanyi kazi. Juzi nilinunua filta.

Kaka anasema umenyoa ndevu, unakula mezani, na daftari unalo kwapani hata ukienda misa. Nimeisoma barua hii mara tatu. Siwezi kukutumia.

Dorotea


Toronto
8 Februari 2025

Baba, shikamoo.

Habari za afya? Huku theluji imefika dirishani, ila ndani kuna joto la kutosha. Klorini ya ndoo: asubuhi 1.6, jioni 0.8, kesho yake 0. Miche yote ishirini na minne imesimama. Asante, Baba.

Binti yako


Morogoro
10 Februari 2025

Mwanangu, marahaba.

Sifuri! Nilikwambia nini? Nimeiandika kwa wino mwekundu. Goti linauma kidogo, dawa nameza, kwa hiyo usimsumbue kaka yako na maswali. Jana baada ya misa Padri aliniomba niwaeleze akina mama wa jumuiya habari za kilimo cha maji. Nilisimama mbele yao dakika arobaini, mmoja akasinzia. Nimemsamehe.

Ungeniambia na majani yana rangi gani. Usiseme kijani. Kijani kiko cha aina kumi.

Baba yako


Toronto
22 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Goti vipi? Mimi nilipata mafua, yamepita. Klorini: 1.6, 0.8, 0. Majani ni kijani cha maharage mabichi, nimekula mara mbili na ugali. Bi Razia kaonja, naye sasa anataka kuotesha uwatu na kotimiri huko juu jikoni kwake.

Binti yako


Morogoro
31 Machi 2025

Mwanangu, marahaba.

Mpe Bi Razia salamu, na mkono wa Idi. Nimemwandikia kanuni nzima kurasa tatu, naambatanisha. Achape, abandike ukutani. Mwambie filta asinunue, asidanganywe kama wengine, aweke ndoo wazi kama Dorotea. Mama wa Tanga haachwi apotee njia nami nipo.

Leo nimetembea hadi sokoni na kurudi kwa miguu.

Baba yako


Toronto
5 Aprili 2025

Baba, shikamoo.

Karatasi zako sikumpa Bi Razia. Amenunua mbegu, amepanga masinia, anasubiri tu nimwambie maji gani. Nikimpa ndoo, ataua kila kitu, na amenikaribisha nyumbani kwake kama mwanawe. Kwa hiyo nasema.

Nimekudanganya, Baba. Klorini ya ndoo haikushuka hata siku moja. Huku wanaifunga na amonia. Miche ya kwanza ilikufa yote. Huu mchicha ninaokula umekua kwa maji ya filta, nayo yalinisumbua, kwa sababu ni matupu mno. Majani ya juu yalijikunja mpaka nilipoongeza kalsiamu na magnesiamu. Namba nilizokuwa nakutumia nilizitunga mezani, chai mkononi.

Niliogopa. Niliona ukisikia kanuni imeshindwa utarudi chumbani ufunge mlango. Mama alituacha mimi nikiwa huku, nikaangalia mazishi kwenye simu. Wewe sikutaka nikupoteze kwa ajili ya ndoo. Nisamehe.

Dorotea


Toronto
20 Aprili 2025

Baba, shikamoo. Pasaka njema.

Wiki mbili hujajibu. Kaka naye anasema tu unatoka asubuhi na humsemeshi mtu. Kama umenuna, nuna, lakini nijue unakula. Bi Razia anachota maji ya filta yangu, uwatu umechipua.

Binti yako


Morogoro
17 Mei 2025

Mwanangu Dorotea, marahaba.

Sikununa. Nilikuwa kazini. Nilikwenda maabara kwa wale vijana walionirithi, nikawaomba klorini na amonia. Tukazichanganya kwenye ndoo tukaiacha wazi, tukarudia mara nne kwa sababu mimi ni mbishi. Klorini iligoma kutoka. Kitu hiki nilikisoma chuoni mwaka 1981, nikafaulu mtihani, nikakisahau, kwa kuwa Morogoro sikuwahi kukutana nacho. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nilikosea, na kwenye daftari nimeandika hivyo na kutia sahihi. Filta uliyochagua ndiyo yenyewe. Akina mama wa jumuiya nimewaambia kanuni ni ya hapa tu.

Sasa la pili, na hili limenichelewesha kuliko ndoo.

Namba zako nilijua ni za kutunga tangu Jumamosi ya pili. Hakuna ndoo duniani inayotoa 0.8 kila jioni, baridi iwe kali, isiwe kali. Nimewahi kumfukuza mtu kazi kwa namba zenye adabu kama zako. Nilikaa na barua yako, nikashika kalamu nikugombeze, nikaiweka chini. Kabla ya mchicha huu ulikuwa unaniandikia Krismasi na Pasaka. Nikaona nikisema neno, utaona aibu, na barua zitakatika. Basi kila Jumamosi nikaandika uongo wako kwa wino mwekundu, nikafurahi.

Yale ya Bi Razia sikukutegea. Nilijua namba si za kweli, lakini kanuni bado nilikuwa naiamini. Nilidhani wewe ni mvivu wa kupima.

Maji umeshachagua, na mchicha umestawi. Jumamosi utaniandikia nini?

Baba yako