Ghorofa Mbili Ulizozikataa

Mzee Ochieng',

Tangu tukuzike sijapita kwako kumjulia hali mkeo. Si kwamba nimemsahau. Naogopa ataniuliza kazi inaendaje.

Ulipofariki, mwenye ploti ya Umoja, lile jengo la kupangisha tulilokuwa tukijenga, alinipa nafasi yako. Mimi Wafula, niliyekukorogea saruji miaka ishirini, nikawa msimamizi wa mjengo. Nina miaka arobaini na minane, mgongo umeanza kukataa, na mke wangu Nekesa alikuwa amechoka kuniona nikitoka asubuhi bila kujua kama nitapata kibarua. Siku hiyo alipika kuku. Akanipigia shati pasi.

Halafu yule bwana akataka zile ghorofa mbili za juu. Zile ulizozikataa. Nakumbuka ulivyomwambia mbele yetu sote, mikono kiunoni: "Nguzo hizi nilizijenga zibebe ghorofa nne. Tafuta mtu mwingine." Akamtafuta, mzee. Akanipata mimi.

Nilijua. Tulipomwaga zege la ghorofa ya tano nilijua, na ya sita pia. Na alipompa binti yangu Nasimiyu, aliyekuwa ametoka tu kuolewa, nyumba ya ghorofa ya tatu kama asante kwangu, nilimbebea kitanda mwenyewe hadi juu.

Mvua ilipoanza, Mama Zuhura mwenye duka la chini akanipigia simu. "Fundi, mlango wangu haufungi. Njoo uupige randa." Nikaupiga. Wiki iliyofuata ukakwama tena. Nikasogeza magunia ya unga nyuma ya duka, nikaona ufa kwenye nguzo, umeshuka kutoka juu kama mshipa. Nikafanya ulivyonifundisha: nikapaka plasta kidogo kuukatiza, nikangoja. Kesho yake plasta ilikuwa imepasuka katikati: ufa ulikuwa bado unakua.

Nilipomwambia mwenye ploti, hakushuka hata garini. "Ziba, paka rangi. Sikukupa cheo uje kuniogopesha."

Nikaziba. Mzee, nikapaka rangi.

Nikaanza kurudisha sahani imejaa. Siku ya tatu Nekesa akanibana: "Una nini, Baba Nasimiyu?" Nikamweleza yote. Kwanza aliililia kazi. "Ukisema, sisi tunarudi wapi?" Kisha akanitazama kama hanijui. "Mtoto wetu yumo humo. Na ni wewe uliyempeleka." Akavaa viatu. Tulimtoa Nasimiyu na mumewe mchana ule ule. Binti yangu hajanisalimia mpaka leo, na mamake analala sebuleni.

Nikaenda kuripoti kwa wakaguzi wa majengo. Maofisa walikuja, wakachora X nyekundu ukutani, wakaagiza watu wahame. Nilifutwa kazi kabla rangi ile haijakauka. Mama Zuhura alihama, na wengine kadhaa. Lakini haikupita wiki, mtu akaifunika ile X kwa rangi nyeupe, na sasa naona mapazia mapya ghorofa ya sita. Nimeripoti tena. Wapangaji wanasema nina uchungu wa kazi niliyopoteza. Mama mmoja alinifungulia, mtoto mgongoni, akaniuliza taratibu, "Si ni wewe uliyeijenga?"

Nikaenda kugonga mlango uliofuata, mzee.

Jana nilisimama ng'ambo ya barabara. Mvua imerudi. Kutoka mle ndani nilisikia mlio mmoja mfupi, mkavu, kama mfupa unaovunjika. Kwenye ngazi watoto walikuwa wanacheza. Hakuna aliyeinua kichwa. Niliwapigia kelele watoke, wakanicheka, wakakimbilia juu.

Basi pumzika, mzee wangu. Nakuahidi nitarudi kila asubuhi kugonga ile milango, wanitukane, wanipige, mpaka nyumba ibaki tupu. Na mtu wa humo akifika huko uliko kabla yangu, usinitetee. Mwambie nilijua.

Wafula